Nimenunua mchoro wa mwanamume uchi: je, ni Mulready?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sasa naishi Birmingham na mume wangu na watoto wetu. Mwaka jana nilinunua kwenye duka la mitumba mchoro wa kale ulio kwenye fremu. Ni mwanamume uchi, amesimama, mguu mmoja umepumzika juu ya sanduku la chini, mkono mmoja umeinuliwa kushika fimbo ndefu. Umechorwa kwa chaki nyeusi na nyekundu kwenye karatasi ya rangi ya udongo, na panapong'aa pamewekwa chaki nyeupe. Kifua na tumbo vimechorwa kwa uangalifu wa ajabu, lakini uso umeachwa njiani, na mkono wa kushoto ni mistari tu. Kwenye kona kuna herufi W.M., na jirani yake muhuri mdogo wenye E.S.K. na namba 84. Rafiki yangu amepekua intaneti, anasema W.M. ni William Mulready na nimeokota dhahabu. Mume wangu anasema iwe dhahabu isiwe dhahabu, picha ya mtu uchi haitundikwi kwenye nyumba yenye watoto na wageni. Mimi naupenda, ila nashindwa kueleza kwa nini mtu achore mwili namna ile kisha asimalize. Pia una madoadoa ya kahawia. Nimesoma kwamba wachoraji wa zamani walifutia mkate, nikafikiri nijaribu. Naomba msaada wako."

Marahaba, binti yangu. Kabla ya yote, mkate huo kunyweeni chai. Mchoro usiuguse, na sababu nitakueleza mbele.

Umeniuliza mambo matatu kwa pamoja: ni wa nani, ni aibu au si aibu, na uufanyie nini. Nitaanza na la kwanza, maana jibu lake unalo mwenyewe mkononi na limepigwa muhuri.

Rafiki yako hakukurupuka. William Mulready, mzaliwa wa Ireland mwaka 1786, aliingia shule ya Royal Academy ya London mwaka 1800 na hakuacha kuchora watu uchi hadi uzeeni. Chaki nyeusi na nyekundu ndizo zilizompa jina katika kazi hiyo, na michoro yake mingi inatunzwa na jumba la makumbusho la Victoria and Albert. Mtu anayeona chaki za rangi hizo mbili na herufi W.M. lazima moyo umdunde. Tatizo ni kwamba Mulready alifariki mwaka 1863, na mchoro wako una muhuri unaosema vingine.

E.S.K. ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba kazi hii imekaguliwa South Kensington, mtaa wa London yalikokuwa makao ya mafunzo ya sanaa ya serikali, na namba iliyo jirani kwa kawaida ni mwaka. Kwa hiyo 84 ni 1884, miaka ishirini na moja baada ya Mulready kuzikwa. Muhuri kama huu ungekuwa kwenye fremu au kwenye ubao wa nyuma, ningekuambia tusubiri, kwa sababu fremu huhama kutoka picha moja kwenda nyingine. Lakini upo kwenye karatasi yenyewe. W.M. wako ni mwanafunzi, na ulichokinunua ni karatasi yake ya mtihani.

Najua hapo moyo umeshuka kidogo. Vumilia, kwa sababu ukishajua ni mtihani, mambo yote yanayokutatiza kwenye mchoro huu yanaanza kueleweka.

Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na njia kuu mbili za kumfundisha mtu kuchora umbo la binadamu. Ya kwanza ilikuwa ya Royal Academy, iliyoanzishwa mwaka 1768 kwa ajili ya wachoraji na wachongaji waliotaka kuwa mabwana wa fani. Huko hukuanza na mtu hai hata kidogo. Ulianza na sanamu za plasta, nakala za sanamu za Wagiriki na Warumi, na ulizichora hadi wakubwa waridhike. Turner, ambaye leo tunamjua kwa bahari na mawingu, aliingia mwaka 1789 akiwa na miaka 14 na hakuruhusiwa kuingia darasa la mtu hai hadi 1792. Hoja yao ilikuwa na mantiki: plasta haichoki, haipumui, ni nyeupe kote, hivyo kivuli kinaonekana bila kuchanganywa na rangi ya ngozi. Mwanafunzi alijifunza kwanza kuona kivuli, ndipo akaletewa mwili unaotikisika. Kwa upande mwingine iliwachosha vijana wengi. Mchoraji na mshairi Rossetti alikuwa mmoja wao; aliona plasta imezidi, akaondoka.

Njia ya pili ilikuwa ya serikali, na ndiyo iliyozaa mchoro wako. Katika miaka ya 1835 na 1836 kamati ya Bunge ilikaa kuchunguza kwa nini vitambaa na bidhaa nyingine za Uingereza zilikuwa nyuma ya za Wafaransa kwa uzuri wa michoro yake. Mwaka 1837 ikafunguliwa shule ya usanifu wa bidhaa pale Somerset House. Mara ukazuka ugomvi: je, fundi wa kuchora maua ya kitambaa ana haja gani ya kuchora mtu? Wenye mamlaka waliogopa kwamba ukimfundisha kijana wa kiwandani kuchora umbo la binadamu, atajiona msanii mkubwa na kiwanda atakikimbia. Mchoraji Benjamin Robert Haydon alipiga kelele kweli kweli, akidai kwamba anayeweza kuchora mwili wa mtu anaweza kuchora chochote, na asiyeweza hana msingi. Kwa maoni yangu Haydon alikuwa na haki katika hilo, ingawa alikuwa mtu mgumu kukaa naye.

Mwaka 1852 mtumishi wa serikali Henry Cole akashika usukani wa shule hizo, na baadaye makao yakahamia South Kensington. Akapanga masomo ya kuchora katika hatua 23, kutoka mistari ya rula hadi usanifu wa bidhaa. Kuchora umbo la mtu kutoka kwenye sanamu au mtu hai ilikuwa hatua ya nane, na maumbile ya mifupa na misuli hatua ya tisa. Kila mwaka shule za sanaa za nchi nzima zilifunga kazi za wanafunzi na kuzituma London zikakaguliwe. Zilizofanya vizuri zilipata medali, na fedha za walimu zilitegemea matokeo. Ndiyo maana muhuri. Muhuri peke yake hauna maana ya ushindi. Unasema tu kwamba kazi ilifika mezani kwa mkaguzi.

Usidhani kwa hiyo kwamba lazima ulichorwa London. Ungeweza kuwa ulichorwa hapohapo Birmingham, ambako shule ya sanaa ilikuwa na nguvu sana. Mwaka 1885, mwaka mmoja baada ya muhuri wako, ilihamia jengo lake jipya la Margaret Street na kuwa ya kwanza nchini kuendeshwa na manispaa. Sisemi ndiyo. Nasema ni mahali pa kwanza pa kuuliza.

Sasa turudi kwenye karatasi. Kwa nini fimbo? Jaribu wewe mwenyewe kuinua mkono juu ya bega ukahesabu hadi mia tano. Modeli, yaani mtu anayelipwa ili achorwe, katika darasa la Royal Academy alikaa saa mbili kila jioni, kwa mwanga wa taa, na pozi lilelile lilirudiwa siku nyingi. Bila kitu cha kushika, mkono unashuka kidogo kidogo na kila mwanafunzi anachora mkono tofauti. Kwa hiyo walimpa fimbo, au kamba iliyoning'inizwa kutoka darini, na sanduku la kupumzishia mguu. Fimbo hiyo haina hadithi nyuma yake. Mchoraji akitaka baadaye aigeuze mkuki au kasia, hilo ni lake.

Na mguu ule kwenye sanduku una kazi. Uzito ukihamia mguu mmoja, nyonga haziko tena usawa mmoja, kiuno kinakunjika upande mmoja na kunyooka upande wa pili, na mabega yanajibu. Angalia mstari unaotoka kwenye shimo la koo, ukapita katikati ya kifua hadi kitovuni. Kama kijana wetu alikuwa mzuri, mstari huo umepinda. Kisha shusha uzi wa mawazo kutoka shimo la koo moja kwa moja chini: unapaswa kuangukia karibu na kifundo cha mguu uliobeba uzito. Ukiangukia mbali, mtu huyo anaanguka, hata kama kifua chake kimechorwa kwa ustadi gani. Mwalimu alitazama hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Ndipo unaona kwa nini kifua na tumbo vimekamilika na uso haukukamilika. Kiwiliwili ndicho kilichokuwa kigumu na ndicho kilichobeba somo: mbavu chini ya misuli, misuli chini ya ngozi. Uso na viganja vilisubiri, na muda ulipokwisha modeli alivaa nguo zake akaenda. Michoro ya madarasa yale iliyoachwa hivyo ni mingi mno. Hakuna aliyeiona kuwa imeharibika.

Fanya jaribio moja dogo. Usiku, zima taa, washa tochi ya simu na uishike ubavuni mwa kioo ili mwanga uteleze juu ya karatasi. Tazama kivuli kimetengenezwaje. Ukiona nukta ndogondogo zilizojazana na michirizi myembamba mpaka huoni tena mkono wa mtu, hiyo ni tabia ya South Kensington ya zamani, ambako mwanafunzi aliweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, juu ya mchoro mmoja. Ukiona chaki imesuguliwa hadi ikawa kama moshi, alitumia kijiti cha karatasi iliyosokotwa. Lakini ukiona michirizi mirefu, ya wazi, inayofuata mviringo wa mwili, basi kijana huyu alifundishwa na mtu aliyepata upepo mpya.

Upepo huo ulitoka shule ya Slade, iliyofunguliwa mwaka 1871 katika University College London. Mkuu wake wa kwanza, Edward Poynter, alikuwa amesoma Paris, na aliwaambia wazi Waingereza kwamba wanapoteza muda kwenye plasta na nukta. Aliwaweka wanafunzi mbele ya mtu hai mapema, wanawake pia wakipokelewa, japo kwa darasa lao na modeli aliyefunikwa kiasi. Mwaka 1875 Poynter huyohuyo akahamia South Kensington kuongoza mafunzo huko hadi 1881. Kwa hiyo mchoro wa 1884 uko katikati ya mabadiliko, na kwangu hilo linavutia kuliko jina la W.M.

Nikiwa hapo Slade, niruhusu nichepuke. Mwishoni mwa karne hiyo alikuja kufundisha pale Henry Tonks, daktari wa upasuaji aliyeacha kisu akashika kalamu. Mmoja wa wanafunzi wake, Margaret Trowell, ndiye aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937. Cha kupendeza ni kwamba Trowell hakuwaleta wanafunzi wake kwenye plasta wala modeli. Aliwasimulia tukio, wao wakachora kwa mawazo. Sam Ntiro wa Machame alipita mikononi mwake, kisha miaka ya 1950 akaenda kusoma Slade yenyewe, na bado aliendelea kuchora watu wa Kilimanjaro kwa namna yake, bila kujali misuli ya Tonks. Basi njia ya kina W.M. iliwahi kufika kwetu, watu wakachukua walichokitaka na kingine wakakiacha.

Sasa la mume wako. Wasiojua huwa wanafikiri Waingereza wa zamani waliona uchi kuwa kitu cha kawaida katika sanaa, na kwamba aibu ni ya kwetu. Sivyo. Mchoraji William Etty wa York, aliyependa darasa la mtu hai kiasi kwamba aliendelea kuhudhuria pamoja na wanafunzi hata baada ya kuwa mwanachama kamili wa Royal Academy, alisemwa magazetini maisha yake yote. Mwaka 1853 michoro ya uchi ya Mulready ilipoonyeshwa Gore House, London, kulikuwa na walioona haifai, lakini Malkia Victoria aliisifu. Na Mei 1885, mwaka mmoja hivi baada ya mchoro wako kukaguliwa, gazeti la The Times lilichapisha barua kali dhidi ya picha za uchi, imetiwa saini ya mama mmoja wa Kiingereza asiye na jina. Mama huyo alikuwa John Callcott Horsley, mzee mwenye ndevu, mweka hazina wa Royal Academy. Watu walicheka, lakini alikuwa na wafuasi wengi.

Wanawake waliosoma sanaa ndio waliolipia zaidi aibu hiyo. Laura Herford aliingia shule ya Royal Academy mwaka 1860 kwa sababu alituma michoro yenye herufi za mwanzo tu, nao wakadhani ni mwanamume. Ilipita zaidi ya miaka thelathini, hadi 1893, ndipo wanawake wakaruhusiwa kuchora mwanamume aliyevuliwa nguo, na kwa masharti: avae kaptula ya kuogelea, juu yake azungushiwe kitambaa cha futi 9 kwa futi 3, kipitishwe katikati ya miguu, kichomekwe, halafu kifungwe kwa mkanda mwembamba wa ngozi ili kisifunguke. Bibi yeyote wa Tanga angekifunga kama kanga bila mkanda, na kisingefunguka. Kwa sababu hiyo nadhani W.M. alikuwa kijana wa kiume, ingawa siwezi kuapa.

Kwa hiyo mume wako hana ushamba wowote. Anasema waliyosema watu wa nchi hiyo wakati mchoro wenyewe bado mbichi. Ninachotofautiana naye ni nia ya mchoro. Ulichorwa mbele ya darasa zima, chini ya jicho la mwalimu, ili ukahukumiwe na mkaguzi wa serikali. Hakuna aliyetaka kumtamanisha mtu. Lakini nyumba ni yenu wawili. Chumba cha kulala au sehemu ya kazi yako panatosha, na hata ukikaa kabatini kwenye jalada zuri, haupungukiwi kitu. Karatasi kwa kweli hupenda giza.

Kuna mtu wa tatu ambaye hamkumtaja, naye ni aliyesimama. Hakuwa mfano wa kubuni. Alikuwa mfanyakazi aliyelipwa. Wengi wa modeli wa kiume wa London walikuwa askari wa kikosi cha farasi cha mfalme, na baadaye karne hiyo wahamiaji Waitaliano waliishi kwa kazi hiyo. Mwaka 1810 Haydon alimlipa baharia mweusi kutoka Marekani aitwaye Wilson, akamchora tena na tena kwa kuwa aliona mwili wake unakaribia zile sanamu za Parthenon, hekalu la kale la Athens, ambazo Bunge lilizinunua mwaka 1816 kwa pauni 35,000. Hakutosheka na kuchora. Akamzungushia plasta mwili mzima ili apate umbo lake, plasta ikakaza kifuani, na nusura Wilson afe kwa kukosa pumzi. Fanny Eaton, mzaliwa wa Jamaica na mama wa watoto wengi, alilipwa na Royal Academy kwa kukaa modeli mwaka 1860, na sura yake imo katika picha za mchoraji Simeon Solomon na wenzake. Majina ya hawa tunayo kwa bahati. Wa kwako hatutampata kamwe, na kama uso wake haukumalizika, basi hata sura hatuna.

Tuje kwenye madoa. Hayo ya kahawia hutokana na ukungu, na chembe za chuma zilizomo kwenye karatasi, vikipata unyevu. Ni kweli wanafunzi walifuta kwa chembe laini za mkate, lakini walifuta makosa ya siku hiyohiyo. Mkate huacha wanga na mafuta kwenye karatasi, na huo ni mwaliko kwa ukungu na wadudu. Baya zaidi, chaki haina gundi. Ni vumbi lililokaa juu ya nyuzi za karatasi, na ukisugua doa unaondoka na mbavu za mtu wetu. Doa lenyewe liko ndani ya karatasi, halitoki kwa kusugua. Usitumie maji, sabuni wala dawa ya kung'arisha, usiweke utepe wa kunata, na fremu usiifungue mwenyewe: chaki ikiwa imeshikana na kioo, itabaki kwenye kioo.

Unachoweza kufanya leo ni kuutoa kwenye ukuta wa nje wenye ubaridi, mbali na bafu, jiko na jua la dirishani. Kisha angalia mambo mawili ambayo yanahitaji mtu mwenye mikono iliyofunzwa. La kwanza, ukiona mstari wa kahawia unaofuata ukingo wa kadi inayozunguka mchoro, kadi hiyo ina asidi na inaunguza karatasi taratibu, ibadilishwe. La pili, ukiona palipokuwa peupe pamegeuka kijivu au peusi, huenda si chaki bali rangi nyeupe yenye madini ya risasi, ambayo hewa ya moshi wa makaa na gesi huigeuza rangi. Hilo mara nyingi linatibika, lakini kwa mtaalamu tu. Taasisi ya wahifadhi ya Uingereza, Icon, ina orodha ya wahifadhi wa karatasi waliothibitishwa. Tafuta wa karibu na uombe makadirio kwanza. Kama ukungu ni wa unga na unanuka, usisubiri.

Kuhusu dhahabu, nitakuwa mkweli. Michoro ya wanafunzi wasiojulikana wa enzi ile huuzwa mara nyingi kwa makumi ya pauni, pengine mamia machache ikiwa mizuri. Matibabu kamili yanaweza kugharimu zaidi ya bei ya mchoro, kwa hiyo kama hauna hatari yoyote, kubadilisha kadi na ubao wa nyuma kunatosha. Kama jina likipatikana na likawa la mtu aliyekuja kufahamika, hesabu inabadilika. Kumbukumbu za shule ya sanaa ya Birmingham ziko Chuo Kikuu cha Birmingham City. Waandikie, uwaulize kama walikuwa na mwanafunzi mwenye herufi hizo karibu na 1884. Kwa bei nenda nyumba ya mnada yenye idara ya michoro, wengi hutazama bila malipo. Makumbusho watakupa maoni lakini bei hawasemi. Na yeyote atakayekuambia palepale kwamba ni Mulready, kisha akakuomba fedha za cheti, muage.

Ukienda kokote kati ya huko, chukua picha za mbele na nyuma, moja ya karibu ya muhuri, moja ya herufi, na moja ile ya tochi, pamoja na vipimo vya karatasi bila fremu kadiri unavyoweza kuvikisia kupitia kioo.